Kitabu Kisichomtoka Mtoto: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Walezi

Nilikuwa darasa la tatu. Njia yangu ya kutoka shule ilipita Ngamiani, hapa Tanga mjini, na kwenye kona moja alikaa bibi muuza karanga. Alichana kurasa za vitabu vikuukuu, akazikunja pembe, akazijaza karanga za kukaanga zenye chumvi. Siku hiyo nilimaliza karanga nikakunjua karatasi. Ilikuwa na mafuta, maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa mbali. Ndani yake msichana amepanda juu ya mnazi, chini anasubiriwa na mtu mwenye fimbo, na ukurasa ulikatika pale anapofungua kiganja amwonyeshe alichokificha.

Kesho yake nilirudi mbio. Kurasa zilizobaki zilikwisha kuuzwa. Mpaka leo sijui kitabu kile kiliitwa nani, wala kiganjani mlikuwa na nini. Karatasi ninayo.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza, "Nimnunulie mwanangu kitabu gani kitakachomkaa?", siwezi kumjibu kwa kumtajia jina la kitabu. Mimi kilichonikaa ni ukurasa mmoja wa karanga, tena ambao haukuchaguliwa na mtu. Ninachoweza kumpa ni namna ya kumkutanisha mtoto na kitabu mara nyingi, na kwa njia ambazo kimojawapo kitashika. Haya nimeyafundisha shuleni kwa miaka mingi, na sasa nayafanya barazani kwangu hapa Tanga kila Jumamosi na watoto wa mtaa, wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Yafuate kwa mpangilio huu. Ukiwa na haraka, ruka mengine yote lakini hatua ya nne na ya tano uzisome.

Hatua ya 1: Sikiliza anachouliza kwa wiki moja

Kabla ya kununua chochote, chukua daftari dogo. Kwa siku saba andika kila swali analouliza mtoto ambalo hukulianzisha wewe. Usiandike anayoulizwa shuleni. Andika yale ya ghafla: akiwa anaoga, mkiwa kwenye daladala, ukiwa unakuna nazi.

Mjukuu wangu mmoja wiki nzima aliuliza mambo mawili tu: kwa nini popo hawaanguki wakilala, na nani alileta katani. La popo lilitoka kwenye safari ya shule ya Mapango ya Amboni. La katani lilitokana na kuona mashamba ya mkonge kutoka dirisha la basi tukienda Korogwe, mistari kwa mistari bila mwisho. Mtoto wa namna hii ukimpa hadithi ya sungura na fisi ataisoma kwa adabu, kisha atairudisha. Mimi nilimpa habari ya kweli: kwamba mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida huko Marekani, ikazungushwa kwa meli kupitia Ujerumani, na iliyofika hapa ikiwa hai ilikuwa 62. Akanishika mkono. "Sitini na mbili tu, bibi? Na haya mashamba yote?" Tangu hapo anasoma kila kitu kinachohusu mimea na safari za meli, hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea.

Watoto wengine hawaulizi chochote kwa maneno. Hao watazame wanachokichezea.

Hatua ya 2: Pima ugumu kwa vidole

Fungua kitabu katikati, mpe asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno lisilosomeka au asilolijua, akunje kidole kimoja. Asipokunja hata kimoja, kitabu ni chepesi, kinafaa kwa kujiburudisha. Vidole viwili au vitatu ni saizi yake. Vikifika vitano, kitabu hicho bado hakijawa chake cha kusoma peke yake, ila kinaweza kuwa chenu cha kusoma pamoja.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanafikiri mtoto wa darasa la tatu apewe vya darasa la tatu basi. Sikio la mtoto limelitangulia jicho lake kwa miaka. Mtoto anayesoma kwa kukwama anaweza kusikiliza hadithi ndefu yenye watu wengi na maneno mazito, na asipoteze hata mtu mmoja. Mpime kwa vidole anapojisomea. Unapomsomea wewe, usimpime kabisa.

Hatua ya 3: Pata vitabu bila kumaliza pesa ya kula

Anza na Maktaba ya Mkoa hapa mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda na mtoto mwenyewe, si umwendee. Ulizia sehemu ya watoto, ulizia utaratibu wa uanachama, kisha umwache achague kwa nusu saa wewe ukiwa umekaa mbali. Akichagua kitabu unachokiona cha kitoto, nyamaza.

Wenye simu na bando wapite Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Vitabu vya Kiswahili vya darasa la juu kidogo vina hadithi na mashairi ambayo mtoto atayafurahia zaidi kabla hajafundishwa. Ila kwa kusoma kwa starehe, karatasi bado ni bora. Simu ina kengele zake.

Mitumba nayo usiidharau. Wauzaji wa vitabu vikuukuu wana mafungu yanayouzwa kwa bei ya soda. Kagua vitu vitatu: kurasa ziwe zimefuatana, mgongo wa kitabu usiwe umeliwa, na pasiwe na harufu ya ukungu. Kitabu chenye ukungu kitaambukiza vingine.

Lakini njia iliyotufaa kuliko zote hapa mtaani ni mchezo. Sote tunajua mchezo wa pesa, watu wanachanga na kupokea kwa zamu, na kijumbe wake anayekusanya. Sisi tulichukua utaratibu ule ule tukauweka kwenye vitabu. Kaya sita, kila kaya inanunua kitabu kimoja, tofauti na cha mwenzie. Jumamosi ya kwanza ya mwezi vinazunguka: chako kinakwenda kwa Mama Zuhura, cha Mama Zuhura kwa jirani wa pili, hivyo hivyo. Baada ya miezi sita kila mtoto amekaa na vitabu sita kwa bei ya kimoja, na chake kinarudi nyumbani kikiwa kimekwishapita mikono mitano.

Tumeweka sheria mbili. Ya kwanza, kitabu kinakabidhiwa na mtoto kwa mtoto, na anayekabidhi anasema jambo moja alilolipenda bila kutaja mwisho. Hapo utasikia: "Kuna mahali ukifika usiku utaogopa. Mimi sikwambii wapi." Mwenzie anakipokea kama aliyepewa siri. Hakuna tangazo la duka litakaloshinda hilo.

Sheria ya pili: hakuna faini. Kitabu kikichanika, kinashonwa. Kikipotea, tunahuzunika, tunaendelea. Nilikataa faini kwa sababu naijua sura ya kitabu kinachoogopewa. Shule moja niliyofundisha ilipokea maboksi ya vitabu vya hadithi, vipya, vikanukia wino. Vikafungiwa kabatini ofisini visichafuliwe na watoto. Tulikuja kulifungua kabati baada ya muda mrefu, mchwa wamepanda kutoka sakafuni, wamekula vitabu kwa ndani wakaacha majalada yamesimama. Nilikigusa kimoja kikamwagika kama unga. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amekisoma. Mzazi anayeogopa faini atafanya yale yale: atakiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Hatua ya 4: Msomee kwa sauti, hata kama anajua kusoma

Ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu, ningebakiza hii. Kitabu kinachokaa moyoni kinakaa na sauti ya mtu. Waulize watu wazima hadithi ipi hawajaisahau. Wengi watakwambia kwanza nani aliwasimulia, wapi, na taa gani ilikuwa inawaka.

Chagua saa moja isiyobadilika. Kwangu ni baada ya Isha, kabla ya watoto kulala, dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Umeme ukikatika ndiyo bahati: washa taa, wakusanye. Giza linafanya nusu ya kazi.

Wewe mwenyewe uwe umezisoma kurasa hizo mchana. Jambo hili watu hulipuuza, halafu wanashangaa watoto wakisinzia. Ukisoma bila kujua kinachokuja, sauti yako haijui ipande wapi. Ukijua kwamba mbele mtu anagonga mlango, utaanza kushusha sauti sentensi tatu kabla, na watoto watasogea bila kuambiwa.

Anza kwa namna tuliyoanziwa sisi. "Paukwa!" Waitike, "Pakawa!" Mtoto akiitikia amekwishaingia. Wengine hufikiri hiyo ni ya ngano za mdomo tu, haifai mbele ya kitabu. Inafaa sana, kwa kuwa mwili wa mtoto unalijua neno hilo: ni wakati wa kukaa vizuri.

Usieleze kila neno. Neno gumu likija, lisome kama unavyosoma mengine uendelee. Akitaka atauliza. Sentensi yenyewe mara nyingi itamfafanulia, na raha ya kulibahatisha neno ni sehemu ya raha ya kusoma. Ukisimama kila mstari kutoa maana, umegeuza hadithi kuwa imla.

Kisha jifunze kukatisha. Funga kitabu pale mlango unapofunguliwa. Watalalamika, "Bibi, jamani, kidogo tu!" Usiongeze. Kiache kitabu mezani, mahali mkono wao unafika, na uende jikoni. Mwenye kujua kusoma atakifungua mwenyewe, na hapo umefanikiwa kwa njia ambayo amri isingeweza. Ule ukurasa wa karanga ndio ulionifundisha hili.

Usiache mashairi nje. Utenzi ni mwepesi kushika: kila mstari mizani nane, yaani silabi nane, ubeti mistari minne, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto wa miaka saba akisikia beti kumi, kile kina cha mwisho atakitegea kama mpira, akidake kabla yako. Usimwambie habari za mizani. Ghani tu, gonga meza kwa kidole, mwache adake. Hesabu ya mizani ataitaka mwenyewe akianza kutunga vyake.

Hatua ya 5: Usimuulize funzo

Kwa hili nitasema kwa nguvu, maana nimelikosea kwa miaka mingi nikiwa darasani. Hadithi ikiisha, mdomo wetu wakubwa unafunguka wenyewe: "Haya, tumejifunza nini?" Mtoto anajibu, "Tumejifunza tusiwe na tamaa." Tunapiga makofi. Na hadithi imekufa pale pale, kwa sababu imebanwa ikawa maneno matatu ambayo mtoto aliyajua kabla hujaanza. Anajua kwamba ukiisha kutoa jibu, kazi imekwisha. Hana sababu ya kuirudia usiku kitandani. Funzo lipo, na silipingi, lakini linapika polepole kwa moto mdogo. Ukifunua chungu kila saa, wali hautaiva.

Nikupe mfano ulionibadilisha. Tulikuwa na kijitabu cha hadithi barazani, mvuvi anaondoka Tanga kwa ngalawa kumpelekea mama yake dawa Pangani. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, tanga linajaa, anafika upesi, mama anapona. Niliposoma nilijiandaa na swali langu la kuwapenda wazazi. Kabla sijalitoa, mtoto mmoja wa darasa la nne, baba yake anavua pale Deep Sea, wanakoshushia samaki hapa mjini, mtoto ambaye kwa miezi hakuwa amefungua kinywa, akasema:

"Bibi, hapa wamekosea."

"Wamekosea wapi, mwanangu?"

"Pangani iko kusini. Kusi ikivuma inakuja usoni. Ngalawa haiwezi kwenda moja kwa moja, lazima upige bisho. Na ukipiga bisho hufiki upesi."

Akasimama, akachukua kandambili yake akaifanya ngalawa, akachora pwani kwa chaki sakafuni, akaonyesha: unakwenda huku kuelekea baharini, unageuza tanga, unarudi huku kuelekea nchi kavu, unageuza tena. Wenzake wakakaa kuzunguka. Mmoja akauliza, je, kama mama ni mgonjwa sana? Akafikiri. Akasema, "Basi baba angengoja alfajiri, upepo wa nchi kavu ukitoka." Halafu akanyamaza, akasema tena, "Au angekwenda hivyo hivyo." Sijui alikuwa anamfikiria nani. Sikumuuliza.

Kijitabu kile alikiomba akakaa nacho wiki nne. Alikuwa mtoto wa kukwama kwenye kila silabi. Kilichomshika ni kwamba kitabu kilizungumza jambo analolijua, kikakosea, na hakuna aliyemkanya. Ningewahi na swali langu la kuwapenda wazazi, angeitikia na wenzake na angenyamaza miezi mingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Hadithi ikiisha, kaa kimya kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya chai. Kimya hicho kitakukera, kivumilie. Mtoto akisema kitu, mfuate huko aliko. Asiposema, sema la kwako, la kweli: "Mimi pale alipoufunga mlango nilisikia baridi." Ukilazimika kuuliza, uliza maswali ambayo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Je, yule mama wa kambo alikuwa anafanya nini wakati hawamwoni? Ungemficha wapi? Ukiwa na sauti ya mwalimu anayengoja jibu sahihi watakusikia mara moja.

Na akitaka kile kile tena? Msomee. Mara ya tano, ya kumi. Mkubwa anachoka kwa sababu anajua mwisho. Mtoto anarudi kwa sababu anajua mwisho, na safari hii ana nafasi ya kuangalia pembeni. Mtoto anayekikariri kitabu, akakukosoa uliporuka mstari, huyo kimekwishamwingia.

Hatua ya 6: Mwambie kwamba mwandishi ni mtu wa hapa

Watoto wengi wa Tanga wanafikiri vitabu vinatoka Dar es Salaam au ng'ambo, kama friji. Wapeleke Machui, kusini mwa mji. Hapo Vibambani ndipo alipozaliwa Shaaban Robert, tarehe 1 Januari 1909. Alikuwa karani wa forodha Pangani, akafanya kazi za serikali sehemu mbalimbali, akarudi Tanga, na vitabu vyake akaviandika akiwa mfanyakazi wa kawaida anayekwenda ofisini asubuhi. Alifariki Juni 1962. Mtoto akiona minazi na vumbi la njia, akaambiwa kwamba mtu aliyepita hapa kwa miguu ndiye yule wa kwenye kitabu cha shule, uso wake hubadilika. Mmoja aliniuliza kama alikuwa anakula muhogo. Nikamwambia kwa Tanga hii, angeuepukaje?

Kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, mwanzieni na Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Msomee wewe, asijisomee. Kiswahili chake ni cha kutafunwa. Mle kuna mtu mwema, mpole, anayependwa na wote, na kila usiku anakwenda kuwachapa manyani wawili aliowafunga. Ukiisha kusoma hapo, funga kitabu. Watoto hawatalala kwa kuuliza kwa nini. Kuna ukatili ndani yake, na mtoto mwororo sana umtangulie kwa mkono begani, lakini usiuruke.

Kusadikika, cha mwaka 1951, kiache mpaka miaka kumi na mitatu au kumi na minne, wakati mtoto ameanza kuona kwamba wakubwa nao hudhulumu. Nchi inayoelea angani, mtu anashitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na kujitetea kwake ni kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita. Kukitoa mapema ni kukiua. Nimeona wengi waliokichukia maisha yao yote kwa kukutana nacho kwanza kwenye karatasi ya mtihani.

Jambo moja zaidi kumhusu. Alimwandikia binti yake utenzi wa usia, Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Wazazi, hilo linawezekana na kwetu. Beti nne tu, kwa mwandiko wako, nyuma ya jalada la kitabu unachompa. Haidhuru vina vikiyumba.

Hatua ya 7: Kitunze na kishone

Hewa ya bahari ni adui wa karatasi. Usiweke vitabu kwenye sanduku la bati lililofungwa kabisa, wala usivisukume mpaka vigusane na ukuta. Acha upenyo wa vidole vitatu hewa ipite. Viwe juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa. Mara moja kwa mwezi vitoe vyote, vifungue kurasa, vipige upepo kivulini. Juani karatasi inageuka manjano na gundi inapasuka.

Kitabu kilichoachia kurasa kishone hivi, na mtoto akiangalia. Zipange kurasa kwa namba, zigonge mezani zilingane. Zibane kati ya mbao mbili au vitabu vizito, mgongo ukitokeza kidogo. Kwa msumari mwembamba toboa matundu matano, kila moja likiwa umbali wa nusu sentimita kutoka ukingo wa mgongo. Chukua sindano ya gunia na uzi imara, anzia tundu la katikati, nenda juu, rudi chini, malizia katikati ulipoanzia, funga fundo. Paka gundi nyeupe mgongoni, bandika kipande cha kitambaa cha kanga chakavu, kisha jalada la karatasi ngumu. Weka kitu kizito juu yake usiku mzima. Gundi ya unga wa ngano au muhogo inashika vizuri lakini mende wanaipenda kama chakula chao, kwa hiyo mimi niliiacha.

Kitabu alichokishona mtoto mwenyewe ni vigumu kukitupa. Aandike jina lake ndani, na tarehe.

Hatua ya 8: Usimwache kidato cha kwanza

Hapa ndipo wasomaji wetu wanapopotelea. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, amependa hadithi, kisha Januari moja anaamka yuko kidato cha kwanza na karibu kila kitabu mkononi ni cha Kiingereza asichokielewa. Anakuwa mgumu wa kusoma usiku mmoja, nasi tunasema amebalehe. Mwekee kitabu kimoja cha Kiswahili kila muhula, kisichohusiana na mtihani. Kimoja tu. Kiweke kitandani kwake bila hotuba.

Akisoma riwaya za mapenzi kwa kujificha, mwache ajifiche. Anasoma. Akitumia simu kusoma hadithi zinazotoka kwa sehemu, uliza imefikia wapi, utasimuliwa saa nzima. Kijana wa umri huo hatakwambia kitabu kimemgusa. Utajua kwa dalili: neno geni katika mazungumzo yake, jina la mhusika nyuma ya daftari, au amemwazima rafiki kitabu na anamdai kila siku akirudishe.

Mwisho, tafuta boksi la kurasa zisizo na kitabu. Langu lina vipande nilivyokusanya miaka yote, vya karanga, vya maandazi, vilivyookotwa sokoni. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kila mtoto anachomoa kimoja na kuandika kilichotangulia au kinachofuata. Ukurasa wa msichana wa mnazini huwa nautia pamoja na vingine, ndani ya nailoni. Kiganjani mwake mpaka sasa wametia ufunguo, jino, mbegu 62 za katani, na yule mtoto wa Deep Sea, mwezi uliopita, ameandika kurasa mbili na nusu kwa penseli. Kwake yeye msichana alishika kipande cha tanga la baba yake, na kusi ilikuwa inavuma.